Baka Jeusi Mgongoni mwa Namba Saba

Inspekta alifika maabara saa mbili asubuhi, na kitu cha kwanza alichoomba hakikuwa faili wala kiti. Aliomba kumwona sungura.

Jana yake mkuu wa maabara, mwanamke ambaye jengo zima lilimwita Daktari bila kuongeza lolote, alikuwa amempigia simu na kusema maneno manne: "Mtu wangu amebadilisha sungura." Mtu mwenyewe alikuwa mtunza wanyama, mzee wa miaka hamsini na tisa aliyeitwa Mzee Majani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta bila jani limenata kwenye nguo zake. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Kama Daktari alisema kweli, mzee angeshtakiwa kwa kughushi utafiti, na miaka yake thelathini na moja ya kazi ingeishia kizimbani.

"Huyu ndiye?" Inspekta aliuliza.

"Huyu ndiye asiye yeye," Daktari alijibu.

Chumba kilikuwa safi na chenye joto, kinanuka nyasi kavu na sabuni. Vizimba kumi na viwili vilipangwa ukutani, na juu yake palibandikwa sheria za chumba. Inspekta alizisoma zote, kwa sababu alikuwa mtu wa kusoma hata maandishi ya kwenye kiberiti. Ya nne ilisema: *Ni marufuku kuwapa wanyama majina.*

Sungura wote walifanana. Mwili mweupe pe, lakini pua, masikio, miguu na mkia vyeusi, kana kwamba kila mmoja alichovywa wino nchani. Wa kizimba cha saba peke yake alikuwa na kitu cha ziada: baka jeusi katikati ya mgongo.

"Wiki saba zilizopita tuliwanyoa wote sehemu moja ya mgongo," Daktari alieleza. "Tukawapaka dawa mpya ya vidonda kwa wiki mbili. Niliwakagua kila Jumatatu, nikaona ngozi zote salama. Kisha nikasafiri. Nimerudi juzi, manyoya ya kumi na mmoja yameota meupe, inavyotakiwa. Ya huyu, meusi."

"Na hilo linamaanisha wizi?"

"Linamaanisha namba saba alikufa nikiwa safarini, mzee akaogopa, akachukua sungura wa akiba kutoka chumba cha nyuma, akamhamishia kipini cha sikio chenye namba. Mwezi ujao dawa hii inapakwa kwa wagonjwa arobaini. Nikipeleka ripoti yenye sungura wa bandia, nimewadanganya watu arobaini."

"Kipimo cha damu?"

"Hakitusaidii. Hawa wamezaana ndugu kwa ndugu kwa vizazi ishirini. Damu ya huyu na ya yule hazina tofauti. Ni nakala, Inspekta. Ndiyo maana tunawatumia. Ukiwapa kitu kimoja, wote wanakujibu jibu moja."

"Vidole vya mkono mmoja havilingani," sauti ilisema taratibu nyuma yao, "sembuse sungura."

Mzee Majani alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Jani lilikuwa begani. Daktari alimtazama, akageuzia macho vizimbani. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na sita, na ilikuwa wazi kwamba kumshuku mzee huyu kulimuumiza kama jino bovu.

Inspekta akatoa futi kwenye mfuko wa koti. Ilikuwa futi ya fundi cherehani, ya kitambaa, iliyochakaa namba, aliyoirithi kwa mama yake. Kituoni walimwita Bi Futi kwa sababu yake, na yeye hakujali, maana futi hiyo ilikuwa imefunga kesi nyingi kuliko pingu.

Alipima baka. Sentimita nane kwa tano. Kingo zake zilinyooka. Kona tatu zilikuwa za duara kidogo, na ya nne haikuwepo: ilikatwa mshazari, kama bahasha iliyokunjwa pembe.

"Kwa nini pua yao ni nyeusi?" aliuliza.

"Baridi. Wana kimeng'enya kinachotengeneza rangi nyeusi, lakini hakivumilii joto. Mgongoni na tumboni kuna joto, kwa hiyo hakifanyi kazi, manyoya yanatoka meupe. Puani, masikioni na miguuni mwili hupoa, nacho kinafanya kazi yake."

"Basi mgongo huu ulipata baridi."

"Nililifikiria kabla yako," Daktari alisema bila ukali. "Kipimajoto cha ukutani hujiandikia chenyewe kila saa. Chumba hiki hakijashuka chini ya nyuzi ishirini na tatu hata siku moja. Na kingeshuka, wote kumi na wawili wangekuwa weusi. Lakini chumba cha akiba kina dirisha bovu. Sungura akijeruhiwa mgongo kule, manyoya yake yakarudi penye upepo, yanaweza kurudi hivi."

Inspekta hakubishana. Aliomba kipimajoto cha mkononi akaanza kazi. Juu ya kizimba cha saba palikuwa na tundu la hewa, na kwa dakika kumi aliamini kesi imekwisha. Kipimajoto kilisoma ishirini na nne chini ya tundu, na ishirini na nne kila alipokiweka kwingine. Alining'iniza uzi mbele ya tundu, uzi haukutikisika. Akaenda chumba cha akiba. Dirisha bovu lilikuwa na ufa mwembamba uliozibwa kwa gundi ya karatasi, na hapo palikuwa baridi kuliko kwingine kwa nyuzi mbili tu. Aliandika daftarini: *Tundu, hapana. Dirisha, hapana. Asili haina rula.*

Kisha akaenda getini.

Mlinzi alikuwa mtu mnene mwenye kitabu kinene, na alivipenda vyote viwili. Alikifungua kwa fahari. Jumapili nne mfululizo, siku ya mapumziko, Mzee Majani aliingia saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni.

"Alikuwa na chochote?"

"Kisanduku cha bluu, afande. Siyo Jumapili tu. Kila siku anakuja nacho na kuondoka nacho."

"Kina ukubwa gani?"

Mlinzi akapima hewani kwa mikono yake. "Wa sungura. Sungura aliyekunjwa."

"Hukukifungua?"

"Nilimuuliza mara moja. Akaniambia ni mambo ya nyumbani. Sasa mtu mzima akikwambia mambo ya nyumbani, utafungua?"

"Mlinzi anafungua."

"Basi mimi ni mlinzi nusu," alisema kwa huzuni, akafunga kitabu.

Walikaa stoo ya chakula cha wanyama, Inspekta juu ya kigoda, mzee juu ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule ni namba saba?"

"Ndiye."

"Umejuaje?"

"Anakunywa maji ameegemea kushoto. Namba tatu anakojolea kona moja tu, ukimhamisha anabana mpaka umrudishe. Namba kumi anaogopa ufagio. Daktari anasema ni nakala. Mimi ndiye ninayewalisha, na nakala sijaiona bado."

"Basi mgongo umekuwaje mweusi?"

Mzee alitazama mikono yake. "Sijui."

"Jumapili ulikuja kufanya nini?"

"Kuwaangalia."

"Na kisanduku?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mzee, nitakueleza bila kuzunguka. Daktari ameshaandika barua ya mashtaka. Haijapelekwa kwa sababu nimeomba siku moja. Ukinyamaza, itakwenda."

"Iende," alisema. "Lakini mimi sikumbadilisha mnyama wa watu. Ningewezaje? Mtu aliyemshika Mdeko hata mara moja atajua kuwa—"

Alijikatiza hapo.

"Sheria namba nne nimeisoma," Inspekta alisema. "Sikuja kwa ajili yake. Mdeko ndiye namba saba?"

Mzee akaitikia kwa kichwa, amejiinamia kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Inspekta alifunga daftari. Aliyemzika sungura wake na kuweka mwingine hamwiti yule mgeni kwa jina la marehemu, tena kwa kujisahau. Mzee hakuwa amebadilisha mnyama. Lakini kuna kitu alikificha, na kilikuwa kizito kiasi kwamba aliona heri mahakama kuliko kukisema.

Nyumba ya mzee ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mkewe alikuwa kibarazani akikunja nguo, akizitambua kwa kuzipapasa kwa kuwa macho yalianza kumwacha. Alipoambiwa mgeni ni askari, alimkaribisha ndani na kumpa kiti kizuri kuliko cha kwake.

"Mama, naomba kuona kisanduku cha bluu."

"Hicho hapo mezani. Leo amekisahau, ndivyo alivyochanganyikiwa."

Ndani palikuwa na chupa mbili ndogo za insulini na pakiti mbili za barafu, za plastiki, tayari zimeyeyuka.

"Nina kisukari," mke alisema. "Friji yetu ilikufa mwaka jana. Hizi barafu anazigandisha kazini, jioni ananirudishia. Kama ni kosa, mwanangu, liandike kwangu. Dawa ni yangu."

"Zilikuwa mbili tu?"

"Nne. Kwa mwezi mzima nilibaki bila hata moja, dawa nikaizika kwenye chungu cha mchanga wenye maji, kama tulivyofundishwa kliniki. Nikamuuliza, barafu zangu ziko wapi? Akasema, mke wangu, kuna mgonjwa mwingine."

"Hukumuuliza ni nani?"

Mke akacheka. "Yule mwanamume akimkuta mende amelala chali, anamgeuza. Ningeuliza wagonjwa wake wote, ningepika saa ngapi? Nilijua hawezi kuninyima bure. Hizi mbili amezirudisha wiki mbili zilizopita."

Inspekta akatoa futi. Pakiti ya kwanza: nane kwa tano. Ya pili: nane kwa tano, na kona yake moja ilikuwa imekunjwa mshazari na kuunguzwa.

"Hii kona, mama?"

"Ilipasuka. Nikaikunja, nikaibana kwa kisu cha moto isivuje. Nilifanya vibaya?"

"Hapana," Inspekta alisema. "Umefanya vizuri sana. Naiazima."

Saa kumi jioni walikuwa watatu kwenye meza ya maabara, na sungura wa nne wao. Inspekta aliweka pakiti juu ya mgongo wa namba saba. Iliziba baka lote, ukingo kwa ukingo, hadi kona iliyokosekana.

Sungura alinusa kidole cha Daktari.

"Mzee," Inspekta alisema, "mficha uchi hazai."

Mzee Majani akavua kofia.

"Siku ya nne ya dawa nilimkuta anatetemeka. Kumi na mmoja wazima, wanakula. Yeye mgongo umekuwa mwekundu, ukigusa ni moto. Nikamwekea barafu, akatulia. Nikaifunga kwa bendeji. Asubuhi nabadilisha, mchana nabadilisha, jioni namfungia hii yenye kona mbovu, ikae usiku kucha, ndipo naondoka. Ngozi ikapoa, lakini kila nilipomfungua alijikwaruza, basi nikaendelea mpaka manyoya yalipofunika. Jumatatu kabla hujaingia, Daktari, nilikuwa namfungua na kumkausha, na baridi ya usiku imeshazima wekundu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Anayeugua anatolewa kwenye hesabu. Na anayetolewa anapigwa sindano ya kulala. Nimeshika wengi wakipigwa, Daktari. Huyu nilishindwa."

Uso wa Daktari ulibadilika mara mbili. Kwanza ulilegea, kwa kuwa mzee hakuwa mwongo wa aina aliyomdhania. Kisha ukakaza.

"Unajua ulichonificha? Mmoja kati ya kumi na wawili ameungua. Kwa wagonjwa arobaini hao ni watatu, pengine wanne. Watu wenye vidonda tayari. Ningewapaka kwa mkono wangu, nikawaambia ni salama, kwa sababu ulimkausha sungura Jumatatu asubuhi!"

Mzee aliketi. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

"Sikuwafikiria hao," alisema. "Wallahi sikuwafikiria. Nilimwona yeye tu."

Daktari akageukia dirisha. Alisema kwa sauti ya chini.

"Na mimi nilikuwa namwona nani? Ninafundisha haya kila mwaka. Damu moja haifanyi mwili mmoja. Tumboni mwa mama, mmoja anabanwa pembeni, mwingine anapata damu ya kutosha. Ndani ya seli mambo mengine huamuliwa na kugongana tu kwa chembe chache, leo hivi, kesho vile. Huyu anakua na vimeng'enya vingi vya kuvunja dawa, ndugu yake vichache. Kisha naingia humu ndani, nawaita nakala, kwa sababu nakala ni rahisi kuziandikia ripoti."

"Mimi nimeridhika," Inspekta alisema. "Lakini faili haliridhiki kwa maneno. Pakiti kulingana na baka ni dalili. Nataka ushahidi, mmoja wa leo na mmoja wa kungoja."

Wa leo ulichukua robo saa. Daktari alinyoa baka mwenyewe. Chini ya manyoya, ngozi ilikuwa ngumu na yenye makunyanzi madogo, kovu la kuungua lililopona. Sungura wa akiba hawakuwahi kupakwa dawa hata tone. Huyu alikuwa namba saba.

Wa kungoja ulihitaji wiki tatu. Mgongo wa namba saba ungeachwa kwenye joto la kawaida. Namba tatu angenyolewa na kufungiwa pakiti ile ile yenye kona mbovu kila jioni, na pakiti nyingine asubuhi na mchana. Kama mzee alisema kweli, weupe ungerudi kwa mmoja na weusi ungetokea kwa mwingine. Mzee angekaa nyumbani mpaka hapo, asiguse mnyama yeyote.

"Nani atabadilisha barafu?" Inspekta aliuliza. "Jumapili vilevile."

"Tutaona," Daktari alisema.

Wiki tatu baadaye Inspekta alipita getini, na kwa mazoea akaomba kitabu. Jumapili tatu mfululizo, kuingia saa tatu asubuhi, kutoka saa kumi na mbili jioni. Sahihi ilikuwa ya Daktari.

"Wa kwanza nilimuuliza mara moja," mlinzi alisema. "Huyu wa pili sikuuliza kabisa. Naona mambo ya nyumbani yameambukiza."

Mzee Majani alikuwa ameshafika. Alisimama mlangoni mwa chumba cha wanyama, mikono nyuma, shati limepigwa pasi, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na jani hata moja mwilini mwake. Inspekta aliona hilo akahisi huruma kubwa kuliko alivyotaka.

Namba tatu alikuwa na baka jeusi mgongoni, nane kwa tano, kona moja haipo. Mgongo wa namba saba ulikuwa umefunikwa na manyoya mafupi, meupe kama pamba.

"Kesi ya kubadilisha mnyama nimeifuta," Inspekta alisema. "Mzee, huna shtaka kwangu. Yaliyobaki ni ya humu ndani."

Daktari alichukua karatasi na kuisoma kwa sauti, haraka. "Kumi na mmoja waliistahimili dawa. Mmoja aliungua siku ya nne, kama alivyoona mtunza wanyama. Majaribio kwa watu yamesogezwa mbele. Kila mgonjwa atapakwa kwanza tone moja mkononi na kuangaliwa siku tano, kwa sababu hatuwezi kujua mapema nani atakuwa namba saba." Akaweka karatasi chini. "Unapata barua ya onyo, mzee. Unaistahili. Kisha kesho unaripoti kazini saa moja. Na kuanzia leo anayeugua haondolewi mpaka wewe na mimi tukae tuongee."

Mzee alianza kushukuru.

"Friza ya juu nimeacha rafu moja," Daktari aliongeza. "Pakiti nne. Mama asizike tena dawa kwenye mchanga."

Alimtoa namba saba kizimbani ili amalizie kipimo cha mwisho, akamweka mezani. Sungura alisikia harufu ya mtu aliyesimama mlangoni. Akaanza kuhangaika, kucha zikikwaruza meza, pua ikielekea upande ule. Daktari akamwekea kiganja mgongoni, mahali penye manyoya mapya.

"Tulia, Mdeko," alisema.

Alisikia alichokisema wakati mmoja na wengine. Mzee Majani aliinua macho ukutani, kwenye sheria namba nne, akayarudisha kwa Daktari, ambaye alikuwa ameiva uso kwa aibu. Inspekta aliona huo ni wakati mzuri wa kukunja futi yake, akaikunja polepole sana.

"Hapo hatulii," mzee alisema, akapangusa mikono yake mitupu kwenye suruali na kuvuka kizingiti. "Ngoja nikuoneshe. Anapenda kushikwa hapa, chini ya sikio la kushoto."